Maiki ya Nne

Wiki ya mitihani, duka la kutoa kopi pale chuoni Chimwaga huwa halina adabu. Watu wanasukumana, kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia, na mwenye duka hamsikilizi mtu, anasikiliza mashine yake tu. Siku hiyo Elisha alikuwa amekuja kuchapisha jalada la albamu ya kwaya fulani. Mbele yake alisimama dada mmoja mwenye gauni la kitenge cha njano, shingo ndefu, nywele kazibana kwa penseli kana kwamba ametoka darasani sasa hivi.

Upepo ukaingia. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba haupigi hodi. Ulizoa karatasi zote za yule dada kutoka juu ya kaunta, ukazimwaga nje kwenye vumbi, miguuni mwa wanafunzi.

Elisha aliinama kuokota. Kila karatasi ilikuwa na nota zilizopangwa kwenye mistari mitano mitano, na maneno ya Kifaransa chini yake.

"Namba za kurasa ziko juu," alisema yule dada, naye amechuchumaa. "Ukizichanganya utanikoma."

"Yaani nakuokotea, halafu bado nikukome?"

"Kama unasaidia, saidia mpaka mwisho, kaka yangu."

Elisha alisaidia mpaka mwisho. Alizipanga zote thelathini na nane juu ya boneti ya gari la mtu, akipuliza vumbi ukurasa mmoja mmoja. Alipofika wa mwisho alikuwa keshajua kwamba dada anaitwa Paskazia, anafanya kazi maktaba ya chuo, amesomea muziki, na anaishi mtaa wa Kisasa kwa baba yake, ofisa wa wizara aliyehamia Dodoma pamoja na serikali.

"Na wewe?" Paskazia aliuliza.

"Nina studio hapa hapa mjini, Chang'ombe. Narekodi."

"Unarekodi nini?"

"Chochote chenye sauti. Hata wewe ukikohoa."

Paskazia alicheka, na Elisha, ambaye anaishi kwa masikio yake, akajuta kwamba mashine ya kurekodi ameiacha nyumbani.

"Basi huenda karatasi zilijua zinakoangukia," Paskazia alisema. "Kwaya yetu inatafuta mtu kama wewe."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Parokia yao ilipewa kinanda kikubwa cha mabomba na parokia moja ya Ufaransa. Kilikuja ndani ya kontena, kikafungwa upande wa kushoto wa altare. Padri akataka kushukuru kwa vitendo: kwaya irekodi muziki mtakatifu wa Kifaransa, misa fupi, nyimbo nne, na vipande viwili vya kinanda peke yake, kisha rekodi ipelekwe kule wafadhili wasikie kwamba zawadi yao haikuozea stoo. Elisha alikubali kazi hiyo haraka kuliko alivyopata kukubali kazi yoyote.

Kabla mwezi haujaisha walikuwa wapenzi. Jumapili walikula zabibu kutoka mfuko mmoja, na siku za kazi, saa saba mchana, simu ya Paskazia iliita bila kukosa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali maharage. Nikuhesabie na maharage?"

"Nataka kujua uliketi na nani."

"Na njaa yangu. Elisha, wewe mwanamume mzuri, sauti yako inanilaza usingizi, lakini una wivu wa kuku mwenye vifaranga."

Wakacheka wote wawili. Paskazia alicheka kwa sababu aliona ni utani. Elisha alicheka kwa sababu alijua si utani, na hakutaka ajulikane. Tangu utoto wake alikuwa mtu wa kuogopa kuibiwa, na sasa alikuwa na kitu cha kuibiwa.

Mwizi mwenyewe, kichwani mwa Elisha, hakuchelewa kupatikana. Aliitwa Mwalimu Batholomeo, mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya, mgane wa miaka arobaini na minane. Mrefu, suti ya kijivu iliyonyooshwa mpaka mishono, manukato yanayomtangulia mlangoni, na viatu vyeusi vyembamba alivyovivaa wakati wa kupiga kinanda tu, akavirudisha kwenye mfuko wake wa kitambaa. Alikuwa ameifundisha kwaya ile miaka ishirini. Asiyejua nota zake alitolewa nje ya mazoezi, awe mtoto wa nani, awe mke wa nani.

Paskazia ndiye aliyemfunulia kurasa. Na benchi la kinanda, niwaambie mliowahi kuliona, ni fupi. Wanaokaa wawili wanakaa bega kwa bega, paja kwa paja, hakuna namna nyingine. Mazoezi ya kwanza tu Elisha alipima lile benchi kwa macho, akakosa raha.

Haikuishia hapo. Kila Jumanne na Alhamisi, akitoka kazini, Paskazia alipitia nyumbani kwa Mwalimu.

"Kufanya nini?" Elisha aliuliza.

"Mazoezi."

"Ya kufunua karatasi?"

"Ndiyo." Paskazia aliangalia kucha zake. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na hilo ndilo lililomponza.

Jirani wa studio, Rukia msusi, naye hakusaidia. Alisikia habari hiyo huku akimsuka mteja, akavuta pumzi. "Mgane mwenye suti, na binti wa kumfunulia kurasa. Mimi sisemi kitu."

"Umeshasema, Rukia."

"Nimesema sisemi."

Siku ya kurekodi ilikuwa Jumamosi asubuhi. Feni zilizimwa, duka la ng'ambo ya barabara likaombwa lizime redio, na Elisha akasimika maiki nne: mbili mbele ya kwaya, moja katikati ya kanisa, ya nne juu ya kinanda. Alikuwa na mazoea yake. Mashine haizimwi kati ya wimbo na wimbo, kwa sababu aliwahi kusahau kuiwasha tena akapoteza wimbo mzima wa watu. Aliiacha itembee tangu mwanzo mpaka kiti cha mwisho kiondolewe. Masikioni alisikiliza zile maiki za mbele. Ya kinanda angeisikiliza baadaye studio.

Kwaya iliimba, na hata Elisha na moyo wake uliochafuka alilazimika kukubali. Muziki ule haukuwa na haraka. Sauti zilipanda taratibu, zikatulia juu kama moshi wa ubani siku isiyo na upepo, na kinanda kikaja chini yake kwa kishindo kilichotetemesha vioo. Wanawake wa sauti ya pili walikuwa na machozi. Elisha alikuwa ameangalia upande mmoja tu: midomo ya Paskazia karibu na sikio la Mwalimu, na mkono wake wa kulia begani kwa Mwalimu, wimbo baada ya wimbo.

Jumatatu, studio, alifungua maiki ya nne peke yake. Misa ilipita salama. Kisha, katika mapumziko kabla ya kipande cha kinanda, sauti mbili zikaingia masikioni mwake, karibu kana kwamba wako naye chumbani.

"Umechoka?" Ni Paskazia.

"Naogopa." Ni Mwalimu.

"Usiogope. Mimi nipo."

"Mkono wako usiuondoe hapa. Ukiuondoa napotea."

"Siuondoi."

"Na yule kijana wako? Anajua?"

"Elisha hajui. Wala hatajua."

Elisha alizing'oa spika za masikioni akazitupa mezani. Aliumia kifuani hasa, mahali unapoweza kuweka kidole. Hakusikiliza zaidi. Alimpigia simu Paskazia saa ile ile.

"Kuna jambo unanificha?"

"Lipo," Paskazia alisema. "Lakini si langu. Nipe wiki mbili, rekodi iishe, nitakwambia lote."

"Niambie sasa."

"Nimeahidi, Elisha."

"Umemwahidi nani?"

"Hilo nalo nimeahidi."

"Unanipenda?" Elisha aliuliza.

"Nakupenda, na unajua. Basi niamini."

Mtu mwenye wivu unaweza kumwomba figo akakupa. Usimwombe wiki mbili.

Jumamosi iliyofuata kwaya nzima, watu thelathini na wawili, walikusanyika ukumbi wa parokia wasikie rekodi kabla haijasafishwa. Padri alikaa mbele. Mwalimu Batholomeo alikaa pembeni, suti ya kijivu, miguu kaipishanisha. Paskazia alivaa blauzi nyeupe na hereni ndogo za mbao alizonunuliwa na Elisha, na hizo hereni ndizo zilizomtia Elisha hasira ya mwisho.

Aliunganisha kompyuta na spika kubwa mbili. Akapiga wimbo wa kwanza, watu wakapiga makofi. Kisha akasema, kwa sauti tulivu, "Hiki kipande kinatoka kwenye maiki ya kinanda," akabonyeza, akaiacha kompyuta mezani akatembea hadi katikati ya ukumbi. Alitaka kumwangalia Mwalimu usoni.

"Umechoka?" "Naogopa." "Usiogope. Mimi nipo."

Watu walianza kutazamana. Sauti ya tatu, akina baba, walikohoa. Spika zikaendelea: mkono usiuondoe, kijana wako anajua, Elisha hajui. Paskazia alisimama. Na Elisha akangoja, kwa sababu hapo ndipo mwenyewe alipokuwa ameishia kusikiliza. Mbele yake hakupajua.

"Wakijua watu, nitaweka wapi uso wangu?" iliendelea sauti ya Mwalimu, kubwa, ukumbi mzima. "Miaka ishirini nawatoa watu nje kwa kutojua nota, kumbe mwenyewe mistari hii mitano siijui hata mmoja."

"Mwalimu, solfa unaijua kuliko sisi sote. Hii mistari ni jambo la kufundishwa tu. Daftari limekaa sawa ndani ya kitabu?"

"Limekaa."

"Basi tuanze. Nikikugusa mara moja, mikono ipande safu ya juu. Nikikugusa mara mbili, mguu wa kushoto. Nitakuwa nakuimbia solfa sikioni, usitazame pembeni."

Elisha alikimbilia kompyuta. Alichelewa.

Kwaya zetu zinasoma solfa, zile herufi, do re mi, na kwa herufi hizo Mwalimu Batholomeo hakuwa na mwenzake mkoa mzima. Lakini vitabu vya Kifaransa vilikuja na mistari. Padri alimuuliza mbele za watu kama anaweza kuisoma, naye kwa fahari ya miaka ishirini akajibu anaweza. Paskazia aligundua siku ya kwanza aliyokaa naye kwenye benchi. Hakumcheka. Kila Jumanne na Alhamisi walikaa kwenye meza ya chakula ya Mwalimu, yeye akisoma mistari na kuandika herufi kwenye lile daftari la kaunta buku, kurasa thelathini na nane, ili mtu mzima asivuliwe nguo.

Na sasa Elisha alikuwa amemvua.

Mwalimu alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mmesikia vizuri," alisema. "Ni kweli." Akachukua mfuko wake wa viatu akatoka.

Paskazia alimkuta Elisha anakunja nyaya.

"Ulisikiliza mpaka mwisho kabla ya kuja nayo hapa?"

"Nilishindwa."

"Fundi wa sauti," Paskazia alisema polepole. "Ulishindwa kusikiliza dakika moja zaidi." Alivua hereni, moja, ya pili, akaziweka juu ya spika. "Usinipigie."

Alipiga. Siku tisa, saa saba mchana, simu iliita mpaka ikakata. Siku ya kumi ilipokelewa.

"Sema."

"Nisamehe, Paska."

"Mimi ulinishuku, hilo ni letu. Mwalimu karudi kijijini kwao Haneti. Amemwandikia Padri hatarudi, na kinanda kimefunikwa shuka. Hilo utalifanyaje?"

Akakata. Elisha akaazima pikipiki.

Alimkuta Mwalimu uani kwake Haneti, amevaa kaptula ya zamani na kofia ya majani, anapura alizeti kwa fimbo. Bila suti alikuwa mtu mwembamba, mchovu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Maji yako mtungini, unywe kwanza. Vumbi la njia hii halimwachi mtu."

Elisha akanywa. "Nimekuja kuomba radhi."

"Ngoja. Niambie kwanza. Ulidhani mimi na Paskazia...?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Fimbo ilisimama. Mwalimu alimtazama muda, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Tangu mke wangu, mama Edina, afariki, miaka sita, hakuna aliyenidhania kitu kama hicho. Umenichafua, kijana, lakini kidogo umenipa heshima."

Elisha naye akataka kucheka. Mwalimu alikuwa ameshaacha.

"Uliniumiza," alisema. "Na ungekuwa uongo ningepona haraka. Umeusema ukweli mbele ya watu niliowatoa nje kwa kosa hilo hilo. Elieth nilimtoa mara mbili, mjamzito."

"Nifanye nini, Mwalimu?"

"Aibu yangu wameisikia. Wasikie na ya kwako. Simama mbele ya kwaya uwaambie kwa nini uliipiga ile sauti. Usipunguze. Ukishasema, nitumie ujumbe."

Jumatano Elisha alisimama mbele ya kwaya, shati limelowa mgongoni ingawa jioni ilikuwa ya baridi. "Niliona wivu," alisema. "Nilisikia nusu, nikadhani nimejua yote. Nilileta ile sauti hapa ili niwaaibishe watu wawili mbele yenu. Mwalimu hakunikosea. Paskazia hakunikosea. Mwenye aibu ni mimi." Akina mama wa sauti ya pili walifunika midomo kwa khanga. Mmoja alicheka, wa pili akamfinya. Paskazia hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, lakini hakugeuza ukurasa wowote.

Jumamosi Mwalimu alirudi na suti yake. Aliondoa shuka juu ya kinanda, akavaa vile viatu, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kitabu cha Kifaransa alikiweka chini, na ile kaunta buku akaifungua wazi mahali pake, herufi za Paskazia zikaonekana mpaka safu ya kwanza. Elieth, yule aliyetolewa mara mbili, ndiye aliyesema, "Mwalimu, tuanzie wapi?"

"Mwanzo," alijibu Mwalimu. "Tunarekodi upya yote."

Paskazia alikaa kwenye benchi. Kwa Elisha alisema maneno machache tu, kama anavyosemeshwa fundi bomba. "Fundi, maiki ziko tayari?"

"Ziko tayari."

"Zote nne?"

"Zote nne."

Jumatatu saa nne asubuhi, huku kikaushio cha Rukia kinavuma ukuta wa pili, Elisha alisikiliza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne aliiogopa. Akaapa kwamba safari hii hatavua spika masikioni hata nyumba iungue. Dakika hamsini na moja alisikia kila kitu: karatasi zikifunuliwa, Paskazia akinong'ona solfa kwa upole, vidole vyake vikigonga koti la kijivu, mara moja, mara mbili. Moyo ulimuuma bado kidogo, niseme ukweli. Aliuacha uume. Kipande cha mwisho kiliisha, kinanda kikafifia, makofi, viti, nyayo, mlango. Mashine ilikuwa inatembea tu, kama kawaida yake.

Kisha benchi likalia.

"Elisha," ilisema sauti ya Paskazia, karibu kabisa. "Najua huzimi mashine. Kama umefika hapa, basi safari hii umesikiliza mpaka mwisho. Niko peke yangu, usianze kuuliza niko na nani." Alicheka kidogo, akavuta pumzi. "Bado nina hasira. Itachukua muda. Lakini saa saba mchana hakuna anayeniuliza nimekula nini, na nimegundua sipendi. Baba anasema kijana mwenye nia hutuma mshenga. Kama unayo nia, mtume mtu anayeheshimika nyumbani, na ambaye wewe unamwogopa. Unamjua. Hiki kipande kikate kabla hujampa Padri."

Elisha alikisikiliza mara tatu. Alikikata, akakihifadhi mahali ambapo Padri hafiki. Kisha akapiga simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba uwe mshenga wangu."

"Kwa Paskazia?"

"Kwa Paskazia."

"Unaniamini nikakae sebuleni kwa baba yake, nimsifie binti saa nzima?"

Elisha akameza mate. "Nakuamini."

"Umechelewa kujibu."

"Nimejibu lakini, Mwalimu."

"Mh. Barua ya posa iandike mwenyewe. Na uiandike kwenye karatasi ya kawaida, tafadhali. Isiwe na mistari mitano."

Saa saba kamili mchana simu ya Paskazia iliita, naye akaipokea mlio wa kwanza.

"Umekula?" Elisha aliuliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali maharage."

Elisha alifungua mdomo, akaufunga.

"Huulizi niliketi na nani?"

"Siulizi. Mshenga anakuja Jumapili saa tisa. Mwambie baba."

Elisha, kwa masikio yake yale yale, akasikia kwamba Paskazia anatabasamu.

"Mwambie Mwalimu avae ile suti ya kijivu," Paskazia alisema. "Inamkaa vizuri sana."

Elisha aliegemea ukuta. Rukia alikuwa mlangoni na kitana mkononi, ametega sikio waziwazi.

"Nitamwambia," alisema Elisha.